Kuoa, Kuolewa na Kuogofya: Mwanamke katika Lugha ya Filamu za Kutisha

1. Utangulizi

Lugha ya Kiswahili haina jinsi ya kisarufi. Kiambishi cha upatanisho “a-” hakitofautishi mke na mume: neno “amekuja” laweza kusemwa juu ya baba, mama, mganga au jini, na msikilizaji asijue ni wa jinsi gani mpaka aelezwe. Nomino “mchawi”, “mwanga”, “jini”, “pepo” na “shetani” hazina umbo la kike wala la kiume. Zimwi la ngano zetu limekwenda mbali zaidi. Katika methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, linapatanishwa kama jiwe au jembe, na msikilizaji hahitaji kujua kama ni dume au jike ili aogope.

Kutokana na sifa hiyo, huelezwa mara kwa mara madarasani kwamba Kiswahili kimesalimika na ubaguzi wa kijinsia unaojitokeza katika lugha kama Kifaransa na Kiarabu, ambamo kila nomino haina budi kuwa ya kiume au ya kike. Dai hili lina ukweli nusu. Ubaguzi haukai katika viambishi peke yake. Hukaa pia katika uteuzi wa vitenzi, katika kauli za vitenzi hivyo, na katika masimulizi yanayojengwa kwavyo.

Makala haya yanachukua mfano mmoja wa masimulizi ya namna hiyo, yaani filamu za kutisha: zile za kale za Marekani, zile za Nijeria, na zetu za Tanzania. Maoni yetu ni kwamba pengo ambalo sarufi ya Kiswahili imeliacha wazi hujazwa na masimulizi. Kwamba filamu za kutisha hulijaza kwa sura ya mwanamke. Na kwamba mwanamke huyo hutisha hasa pale anapoacha nafasi ya mtendwa akashika nafasi ya mtenda. Tutaonyesha pia kwamba jambo hili si la burudani tu, kwa kuwa katika nchi hii wako wanawake waliouawa kwa sababu sura zao zilifanana na sura ambayo jamii ilikwisha kuipa jina.

2. Kanuni Zilizowekwa Hollywood

Filamu za kutisha zilizotengenezwa Hollywood tangu miaka ya 1930 ndizo zilizoweka kanuni ambazo watengenezaji wa nchi nyingine wamezirithi, ama kwa kuziiga ama kwa kuzipinga. Tuchukue “Bride of Frankenstein” ya mwaka 1935, iliyoongozwa na James Whale. Bibi arusi aliyetajwa katika jina la filamu huonekana akiwa hai katika dakika chache za mwisho tu. Ameundwa kutokana na viungo vya maiti ili awe mke wa kiumbe aliyeundwa kabla yake. Hasemi neno hata moja. Anapomwona mume aliyeandaliwa hupiga ukelele, na kukataa kwake ndiko kunakofuatiwa na maangamizi ya wote waliobaki ndani ya mnara.

Katika “Cat People” ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, Irena, mhamiaji kutoka Serbia, anaamini kwamba akimkumbatia mumewe kwa mapenzi atageuka kuwa chui. Hapa tamaa ya mke ndiyo hatari yenyewe. “Psycho” ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, inamwonyesha Marion Crane akitoroka na fedha za kazini, kisha anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu. Muuaji ni mwanamume, lakini maelezo ya mwisho yanapeleka sehemu kubwa ya lawama kwa mama yake aliyekwisha kufa, ambaye hayupo kujitetea. Katika “The Exorcist” ya mwaka 1973, iliyoongozwa na William Friedkin, mwili wa msichana wa miaka 12 unakuwa uwanja wa vita baina ya shetani na mapadri wawili.

Wahakiki wa Magharibi wameyachambua mambo haya kwa kina. Laura Mulvey, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kwamba kamera ya sinema ya Hollywood humtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume, ikamfanya awe kitu cha kutazamwa. Carol Clover, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alichunguza filamu za mauaji ya visu kama “Halloween” ya mwaka 1978 na kumtambua msichana anayebaki hai peke yake hadi mwisho. Barbara Creed, mwaka 1993, alihoji dhana kwamba mwanamke katika filamu hizi ni windo tu. Alionyesha kwamba mara nyingi yeye ndiye kitisho, na kwamba kitisho hicho hutokana na uzazi wake na mwili wake.

Kwa muhtasari, filamu za kale zilimpa mwanamke nafasi tatu: windo, mlango ambamo uovu hupitia, au uovu wenyewe. Anayekuwa windo hulia, anayekuwa mlango husemewa, na anayekuwa uovu huangamizwa. Ni nadra katika nafasi hizi tatu kumkuta akieleza kwa kauli yake mwenyewe anachokitaka.

3. Kutoka Hollywood hadi Mlandizi

Msomaji aweza kuuliza filamu hizi za mbali zinahusiana vipi na jamii yetu. Jibu lapatikana katika miji midogo ya njiani kama Mlandizi. Mji huu wa Wilaya ya Kibaha umekaa kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, karibu na mto Ruvu, katika nchi ya Wazaramo inayoenea hadi Kisarawe. Kwa wakazi wa miji ya namna hii, sinema haikuja kwa njia ya majumba makubwa kama yale ya Dar es Salaam. Ilikuja kwa mikanda ya video, na kuonyeshwa katika mabanda ya mabati na makuti yaliyokuja kuitwa vibanda umiza. Siku hizi filamu hizo hutazamwa pia katika televisheni na simu za mkononi, lakini banda lilikwisha kuweka mazoea ya kutazama, hasa mazoea ya kutazama pamoja na kutoa hukumu kwa sauti.

Wengi wa watazamaji hao hawakuelewa Kiingereza. Ndipo walipotokea wafasiri wa filamu, waliosimulia papo kwa papo au kurekodi sauti zao juu ya filamu. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu mkubwa Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Wanaisimu hatujaipa kazi hii uzito inaostahili, ilhali ni mfano adhimu wa tafsiri ya mdomo. Mfasiri anayetafsiri viwakilishi vitatu vya Kiingereza, cha kiume, cha kike na cha kisichokuwa na jinsi, hujikuta na kiambishi kimoja tu, “a-”. Ili watazamaji wasipotee, hana budi kuongeza nomino: “mwanamke huyu”, “bibi huyu”, “huyu malaya”, “mama wa watu”. Kila nomino iongezwayo ni hukumu. Hivyo, pale ambapo Kiingereza kingeridhika na kiwakilishi, Kiswahili cha banda hulazimika kumtaja mwanamke kwa hadhi yake, kwa umri wake au kwa sifa ya mwenendo wake. Lugha isiyokuwa na jinsi ya kisarufi inageuka kuwa yenye jinsi nyingi kuliko ile inayotafsiriwa.

Baada ya Hollywood ikaja Nijeria. Filamu za video za nchi hiyo zilienea Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwa na kina mama wa kuzimu waliovaa vizuri na kuzungumza kwa upole. “Nneka the Pretty Serpent”, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, inamhusu mwanamke mzuri aliyefungamana na nguvu za majini, na ilitengenezwa upya mwaka 2020. “Karishika” ya mwaka 1996 inamhusu mwanamke aliyetumwa na Ibilisi kuja duniani kuwapotosha watu. Watengenezaji wetu hawakuchelewa kujibu. Mussa Banzi alitengeneza “Nsyuka”, na mwaka 2005 akatoa “Shumileta”, ambamo jini wa kike anampenda binadamu wa kiume. Filamu hizi zilipendwa, na si haki kuzibeza. Zilithibitisha kwamba hofu zetu zaweza kusimuliwa kwa Kiswahili, na kwa gharama ndogo, bila kungoja fedha za mgeni. Hata hivyo, pamoja na ufundi zilirithi ile mgawanyo wa nafasi tatu, nao ulikutana na jambo ambalo lilikuwemo katika vitenzi vyetu kabla ya sinema yoyote kuonyeshwa.

4. Kauli za Vitenzi na Asili ya Kitisho

Jambo hilo ni tofauti ya kauli baina ya mke na mume katika vitenzi vya ndoa na mapenzi. Mwanamume “huoa”; mwanamke “huolewa”. Baba “huoza” binti yake, binti “huozwa”. Mwanamume “hutongoza”, mwanamke “hutongozwa”. Sarufi yenyewe haikatazi mtu kusema kwamba fulani bibi “amemwoa” fulani bwana. Muundo ni sahihi, lakini msikilizaji atacheka au atakasirika. Na mwanamume aliyehamia nyumbani kwa mkewe, au anayetegemea kipato cha mkewe, akisemwa kuwa “ameolewa”, amekwisha kutukanwa. Katika mizani hii, kauli ya kutendwa ni mahali pa mwanamke, na mwanamume akiwekwa hapo hesabu yake inapungua.

Tukirejea sasa katika filamu, twaweza kueleza kwa usahihi zaidi ni kitu gani kinachotisha. Bibi arusi wa filamu ya 1935 ni mwanamke “aliyeozwa” katika maana kamili ya kitenzi hicho: ameundwa, amevikwa na ameletwa. Anachukiza pale anapokataa kuozwa. Irena wa 1942 ni mke aliyeolewa kisheria, na hofu yote ya filamu ni kwamba siku moja atakuwa mtenda katika mapenzi. Jini wa kike wa filamu zetu naye haogopwi kwa kucha au meno peke yake. Anaogopwa kwa sababu amependa kwanza, amechagua mwenyewe na amemfuata mwanamume. Ametongoza. Katika ndoa ya kawaida vitendo hivyo vikifanywa na mwanamume huitwa ujasiri. Vikifanywa na mwanamke asiyekuwa jini huitwa ukosefu wa adabu. Vikifanywa na jini huwa hadithi ya kutisha. Jini, kwa maneno mengine, ni jina la kisimulizi la mwanamke aliye katika kauli ya kutenda.

Jambo la ajabu ni kwamba hata hapo lugha haikubali kushindwa. Watu wakisimulia kisa cha mwanamume aliyenaswa na jini wa kike, husema kwamba bwana huyo “ameoa jini”. Jini aliyetoka baharini, aliyejibadilisha umbo, aliyempa bwana huyo mali na kumtishia kifo, bado haoi, anaolewa. Nguvu zote anazopewa na hadithi hazitoshi kumpa kitenzi. Kinyume chake, mwanamke asiyepata mume akisemwa kuwa na jini mahaba, huelezwa kuwa “ameolewa na jini”. Huyu ni mtendwa kikamilifu, lakini yeye ndiye anayepelekwa kwa mganga au kwa mchungaji, na yeye ndiye anayeulizwa alikosea nini. Mwanamume aliyeoa jini huhurumiwa, ilhali mwanamke aliyeolewa na jini hushukiwa.

Aidha, pale ambapo mwanamume anaonekana kumsikiliza mkewe kupita kiasi kinachozoeleka, yako maelezo tayari: “amelishwa limbwata”. Kauli ya kutendwa inamwondolea bwana dhamana ya matendo yake, na mtenda aliyefichwa nyuma ya kitenzi ni mke mwenye dawa. Filamu nyingi za kutisha za Tanzania zimejengwa juu ya sentensi hii moja. Zinamwonyesha mke akienda kwa mganga, chungu kikichemka na mume akipoteza akili. Ni mara chache filamu hizo huuliza kwa nini mke huyo hakuwa na njia nyingine ya kusikilizwa nyumbani mwake.

5. Yowe na Pepo

Suala la kusikilizwa linatuleta kwenye sauti. Mwanamke wa filamu za kutisha hupiga mayowe kuliko anavyosema. Katika jamii za pwani na bara, yowe si sauti tupu. Ni tendo-usemi lenye masharti yake: anayepiga ukunga anaita, na kila anayesikia anawajibika kutoka. Jirani asiyetoka hulaumiwa. Usukumani wito wa aina hiyo huitwa mwano. Filamu imelichukua yowe ikaling’oa katika wajibu huo na kuligeuza pambo. Mwanamke hupiga kelele ndani ya jumba, watazamaji husisimka, na hakuna anayetoka. Mtazamaji aliyezoeshwa kusikia yowe la mwanamke kama sehemu ya burudani amefundishwa pia, bila kukusudiwa, kulisikia na kubaki ameketi.

Kulinganisha na tukio la popobawa kunafaa hapa. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Kiumbe huyu alidaiwa kuwaingilia watu usiku, wanaume wakiwamo, na habari za wanaume ndizo zilizovuma. Jamii ilichukuaje habari hizo? Familia zilitoka na kulala nje pamoja, zikakesha kando ya mioto, na walioshambuliwa walihimizwa waseme hadharani kwa kuwa ilisadikiwa kwamba anayenyamaza atarudiwa. Mwanamume alipokuwa mhanga aliaminiwa, alizungukwa na watu, na kusema kwake kulionekana kuwa kinga. Hatujui filamu ya kutisha inayompa mwanamke aliyeingiliwa na pepo heshima ya namna hiyo.

Nayo mila ya pepo yenyewe ilikuwa na heshima hiyo. Katika ngoma za pepo za pwani, mwenye pepo huitwa “kiti”, neno linalomweka katika hali ya chombo cha kukaliwa, na vitenzi vyake ni vya kutendwa: “amepandwa”, “amepagawa”, “amekumbwa”. Lakini shughuli yenyewe huenda kinyume cha sarufi hiyo. Pepo anapopungwa huulizwa jina lake, kwao na anachotaka. Hujibu kwa kinywa cha mwanamke, na waliohudhuria, mume akiwamo, hulazimika kumsikiliza na kupatana naye. Linda Giles, aliyechunguza ngoma hizi katika makala yake ya mwaka 1987, alikataa kuzieleza kama kimbilio la wanyonge tu, akaonyesha kwamba zilikuwa na nafasi ya msingi katika utamaduni wa Waswahili. Katika filamu, mashauriano hayo yamefutwa. Kama katika “The Exorcist”, pepo hukemewa, msichana hutupwa huku na huko, na shughuli inakwisha pindi anaponyamaza. Tumeacha kumuuliza pepo anataka nini, na kwa kuacha swali hilo tumeacha kumuuliza mwanamke.

6. Ajuza na Macho Mekundu

Hadi hapa tumemzungumzia mwanamke kijana. Yupo mwingine ambaye filamu haimpi hata uzuri wa hatari: bibi kizee. Msamiati wetu wa uzee hauna usawa. “Shaibu” ni mzee wa kiume, na neno hilo huambatana na mvi za busara. “Ajuza” ni mwanamke mzee sana, na neno hilo katika ngano limezoea kuandamana na hila. “Kizee”, kwa kiambishi chake cha “ki-”, humaanisha hasa mwanamke mzee na humpunguza kimo kabla hajafanya jambo lolote. Filamu ya kutisha inapohitaji mchawi wa kijiji humchukua bibi huyo, humpaka vumbi usoni, humwekea kicheko na humtia wekundu machoni. Mtazamaji anamtambua kabla hajatamka neno.

Macho hayo mekundu yana historia. Usukumani, ambako kuni ni adimu katika maeneo mengi, wanawake wamepika kwa miaka mingi kwa mavi ya ng’ombe yaliyokauka, na moshi wake huyaumiza macho. Wekundu ni alama ya kazi ya jikoni. Lakini alama hiyo ilisomwa kuwa ni ya uchawi. Takwimu zilizochambuliwa na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya 2,200 kati yao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yalitokea Usukumani. Taarifa za haki za binadamu zimeendelea kurekodi mauaji ya aina hiyo katika karne hii.

Tusieleweke vibaya. Mauaji hayo yalitangulia filamu za Kiswahili kwa miaka mingi, na hatudai kwamba banda la video ndilo lililoyaanzisha. Migogoro ya ardhi, urithi, maradhi na vifo visivyoelezeka vimo ndani yake. Tunachosema ni kwamba muuaji anahitaji mambo mawili: sababu ya kuua na sura ya wa kuuawa. Sababu aweza kuipata kwake mwenyewe. Sura hupewa na jamii, na filamu hurudia sura hiyo mara elfu kwa mtazamaji ambaye hajawahi kufika Shinyanga. Kijana wa Mlandizi anayecheka anapomwona ajuza mwenye macho mekundu akipigwa mawe mwishoni mwa filamu anajifunza kuitambua sura hiyo, na kuona kwamba kupigwa kwake ni hitimisho la haki.

Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni amri ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1928, haimweki mwanamke mbele ya mwanamume. Kwa hilo inafanana na nomino “mchawi”. Lakini zile takwimu zina jinsi. Hapa ndipo dai la kwamba Kiswahili hakibagui linapofikia mpaka wake: neno lisilo na jinsi limeua wanawake zaidi kuliko wanaume.

7. Hoja Pinzani

Zipo hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba filamu za kutisha hutia chumvi kila kitu, na wanaume pia huuawa au huwa wachawi. Ni kweli. Hata hivyo, mwanamume katika filamu hizo huwa mchawi kwa tamaa ya fedha au madaraka, yaani kwa jambo alilolifanya. Mwanamke huwa hatari kwa jambo alilo: uzuri, utasa, ujane au uzee. Wa kwanza aweza kutubu. Wa pili atatubu nini?

Ya pili ni kwamba jini wa kike ana nguvu, na kwamba watazamaji wanawake humfurahia. Hoja hii ina uzito, nayo inakaribiana na yale aliyoyasema Clover juu ya msichana anayebaki hai. Tunakubali kwamba mwanamke anayemtazama jini akitenda anavyotaka aweza kuonja uhuru kwa saa moja na nusu. Lakini mwisho wa filamu ni sehemu ya filamu. Jini huchomwa, hufungwa au hurudishwa baharini, na kauli ya kutenda hurudi kwa mwenyewe. Uhuru uliotolewa ili uadhibiwe ni onyo.

Ya tatu husema kwamba filamu zimechukua mila zilivyo, hivyo wa kulaumiwa ni mila. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Tumekwisha kuona kwamba ngoma ya pepo ilimsikiliza mwanamke. Tuongeze mfano wa hapa hapa. Mto Ruvu upitao Mlandizi unatoka milima ya Uluguru, na huko ndiko liliko pango la Kolelo, ambako Waluguru na Wazaramo walipeleka maombi ya mvua. Katika simulizi iliyoandikwa na mmisionari Martin Klamroth mwanzoni mwa karne ya 20, Kolelo anamchukua mwanamke awe mkewe. Kisa hiki kina nyoka, pango na mke aliyetoweka, yaani vyote vinavyohitajiwa na filamu ya kutisha. Lakini matokeo yake ni kwamba ukoo wa mwanamke huyo unapata heshima ya kuhudumia pango. Kwa watu waliohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama Wazaramo walivyofanya, mwisho huo haukuwa wa ajabu. Mila zetu, basi, zilikuwa na miisho zaidi ya mmoja. Watengenezaji wa filamu walichagua mmoja, nao ni ule uliokwisha kuzoeleka kwa filamu za kigeni.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kutokuwa na jinsi ya kisarufi hakuikingi lugha na ubaguzi. Kunauhamisha tu kutoka katika kiambishi hadi katika kitenzi na masimulizi. Kwa hiyo mbinu za utafiti wa lugha na jinsia tulizozipokea kutoka kwa wachunguzi wa lugha za Ulaya, ambazo huanza na viwakilishi, hazitufai kama zilivyo. Kwetu utafiti hauna budi kuanza na swali la nani anatenda na nani anatendwa.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanayo mada hapa. Mazungumzo ya filamu za kutisha za Kiswahili yanapaswa kunukuliwa na kuhifadhiwa kabla mikanda na diski zake hazijaharibika kabisa. Vitenzi vinavyoandamana na wahusika wa kike vihesabiwe kwa kauli zake. Maneno wanayoitwa wanawake yaorodheshwe pamoja na ya wanaume, na mistari ya mazungumzo wanayopewa ilinganishwe na mayowe yao. Kazi za wafasiri wa mabanda nazo zifanyiwe vivyo hivyo. Huu ni ushahidi wa lugha kama ulivyo utenzi au riwaya, na una wasikilizaji wengi kuliko vyote viwili.

Kwa waandishi wa miswada ya filamu hatuna amri ya kutoa, na hatuombi kitisho kiondolewe. Watu watapenda kuogopeshwa daima. Tunaomba jambo dogo ambalo mpunga pepo wa zamani alilifanya bila kufundishwa: ajuza anapoingia, au jini anapotokea, aulizwe jina lake, kwao na anachotaka, kisha aachwe ajibu mpaka amalize.